Profesa Aje na Wazee Wake

Habari za kifo cha Tomas zilinikuta jikoni kwangu Fort Worth, nikichambua maharage. Mado alipiga simu kutoka Chile, na kabla hajasema lolote nilijua kuna msiba, kwa sababu mdogo wangu huyu hapigi simu bila kwanza kutuma ujumbe kuuliza kama niko kazini. Alisema, "Yaya," kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "Tomas hatunaye tena." Mtu mwingine angetoa pole. Mimi nilimwuliza nani amemwambia, na kama huyo aliyemwambia amezungumza na mtu aliyeuona mwili. Mado alicheka huku analia. Ndivyo nilivyo, na kanisani wananijua. Wako wanaoniita Mama Polisi, hata nikiwa nimesimama nyuma yao na sahani mkononi. Sikuzaliwa hivyo, ila nimezeeka hivyo. Na wiki ile, nikimsubiri Mado afike ili twende pamoja Houston kumuaga mwalimu wake, niliona mawazo yangu yanarudi kwenye mwaka mmoja tu, mwaka niliomshuku Tomas kuliko nilivyowahi kumshuku binadamu yeyote, na jinsi shaka ile ilivyokwisha mezani kwangu, mbele ya sufuria ya kuku.

Habari za wazazi wetu, na za njia tuliyopita mpaka tukafika Texas, sitaziandika hapa. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wawili, Josué na Mado, wasiache. Kitu cha mwisho nilichofundishwa kabla sijatoka darasani kilikuwa majina ya sayari tisa, tukiyaimba kwa Kifaransa darasa zima, na kwa miaka mingi, nikikoroga uji katika kambi ya wakimbizi au nikikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali hapa Fort Worth, nilikuwa nikiyapitia kimoyomoyo. Hayakunifaa kwa lolote, lakini yalikuwa yangu. Basi Agosti ya mwaka 2006, tukiwa sebuleni kwa Josué, televisheni ikasema wataalamu wamekutana Ulaya wakapiga kura, na Pluto si sayari tena. Mado alikuwa sakafuni akipanga vitabu kwenye maboksi, kwa sababu wiki ileile alikuwa anahamia Houston kuanza masomo ya uzamivu, fizikia na astronomia, katika chuo kikuu kinachojulikana kwa utafiti. Alijaribu kunieleza kwamba kitu chenyewe hakijabadilika, kiko palepale kilipokuwa, kimebadilishwa jina tu. Nikamwuliza, "Na hao waliopiga kura, nani aliwachagua?" Josué alicheka mpaka akakohoa. Lakini mimi sikuwa natania. Nilikuwa ninamkabidhi mdogo wangu kwa watu wanaoweza kukaa chumbani, wakainua mikono, na kitu nilichokibeba tangu utoto kikawa si kitu.

Jambo la pili lililonitia shaka ni kwamba chuo kilikuwa kinamlipa. Sijui leo kama vijana wanaliona hilo ni la kawaida, lakini wakati ule, katika jamii yetu, shule ilikuwa mahali unapopeleka pesa, si mahali unapozipata. Shemasi Byamungu, aliyefanya kazi na Josué katika ghala moja kule Mesquite, na ambaye hakuna Jumapili aliyokosa kula kwangu, aliweka kijiko chini aliposikia habari hiyo. Alisema yeye amekaa katika ghala lile miaka yote hiyo na hawajawahi kumlipa ili asome hata kibao cha ukutani. "Muulize huyo mtoto vizuri, Faida," akaniambia. "Wanamlipa ili afanye nini?" Nilimwuliza Mado kwenye simu, na akanijibu kwa sauti ile ya mtu aliyekwisha kueleza jambo mara nyingi kichwani. "Yaya, ndiyo system yao. Ninafundisha lab ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nina-grade kazi zao, halafu ninafanya research na Tomas." Nikamwuliza Tomas ni nani, mwanafunzi mwenzake? Akasema hapana, ni profesa, ndiye msimamizi wake. Nikamwuliza ana umri gani. Akasema hajui, labda wa baba yetu, angekuwepo.

Nililala na jibu hilo, nikaamka nalo. Kwetu mwanamume mwenye mvi hana jina tupu. Ni Papa fulani, ni Mwalimu, ni baba wa mtoto fulani. Jina tupu linabaki kwa mama yake, na kwa marafiki wa utotoni, na kwa mke wake, naye mkewe wakiwa peke yao. Hata Byamungu, ambaye nilimjua tangu kambini na kumwona akifukuzwa na bata, sijawahi kumwita isipokuwa Shemasi. Na sasa mdogo wangu, msichana niliyemlea kwa adabu, aliyekuwa akipiga goti kidogo akimpa mtu mkubwa maji, alikuwa anamwita mwanamume wa umri wa baba yetu Tomas, kama anaita mtoto wa jirani. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Hapa kila mtu anamwita vile, Yaya. Hata yeye anakataa tumwite Profesa." Jibu hilo lilizidisha mashaka yangu. Mwanamume mkubwa anayekataa heshima yake anataka kitu kingine badala yake.

Lazima nieleze kidogo woga wangu ulitoka wapi, kwa sababu bila hilo nitaonekana mtu wa vituko tu. Kambini alikuja mwanamume mmoja mwenye viatu safi, akiwa na gari na barua zenye mihuri. Alisema anatafuta wasichana werevu wa kwenda kujifunza ushonaji mjini. Shule ingewalisha, ingewavisha, na hata kuwapa kitu kidogo mfukoni. Rafiki yangu Sifa alikuwa mwerevu. Mama yake alimwuliza yule mwanamume swali moja tu, kama atawarudisha. Akacheka kwa upole, akaweka mkono kifuani, akasema, "Mama, kabla ya Krismasi nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni." Hatukumwona tena Sifa, wala gari, wala viatu. Mimi nilikuwa katika orodha ileile. Sikwenda kwa sababu Mado alikuwa na surua na sikuwa na wa kumwachia. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuna mahali panapolisha, panapofundisha na kulipa, sisikii bahati. Ninatafuta gari limeegeshwa wapi.

Mwezi wa kumi na moja Mado alikuja nyumbani kwa mapumziko. Alikuwa amekonda, na alikuwa amevaa sweta la mwanamume, zito, la kijivu, lililomfika magotini. Nilimwuliza ni la nani. Akasema ni la Tomas, chumba cha kompyuta kina baridi kali, amemwazima. Nilikwenda jikoni nikasonga bugali kwa nguvu mpaka mwiko ukalia. Baadaye nikiwa ninaosha vyombo nilimsikia kwenye simu chumbani, Kiingereza chake kinakimbia kiasi kwamba nilishika jina tu: sawa Tomas, hapana Tomas, kisha kicheko, kisha sawa Tomas. Nilifunga bomba ili nisikie vizuri. Naye akashusha sauti. Mpaka leo sijui kama alishusha kwa sababu ya maji kunyamaza au kwa sababu yangu. Alipotoka nilimwuliza huyo mtu anamwitaje yeye. Akasema, "Akiongea na wenzake ananiita mwanafunzi wake." Nikamwambia wake ni wake. Akaniangalia kama mtu anayetazama ukuta aliotegemea uwe mlango, akaenda kulala mapema.

Januari nilimwambia Josué anipeleke Houston bila kumwambia Mado. Tulifika saa sita mchana. Nilikuwa nimejiandaa kuona jengo lenye kuba na darubini inayochungulia angani, kwa maana hiyo ndiyo picha niliyokuwa nayo. Nilichokiona ni jengo la matofali lenye korido ndefu na milango mingi, na karibu na mlango wa kwanza mama mmoja Mwamerika mweusi, mnene kiasi, miwani imening'inia shingoni kwa mkufu, aliyetusimamisha kwa macho kabla hajatusimamisha kwa mdomo. Alikuwa katibu wa idara, jina lake Charlene. Alituuliza sisi ni nani, tunamtaka nani, anatujua? Nilimpenda papo hapo. Alitupeleka mpaka kwenye chumba cha Mado, na hakuondoka mpaka Mado aliposema ndiyo, ni dada yangu.

Chumba hakikuwa na dirisha. Wanafunzi wanne walikaa wamegeukia kuta, kila mmoja na kompyuta yake, hakuna anayezungumza, na baridi ilikuwa ya jokofu kweli. Kwenye misumari nyuma ya mlango yalining'inia masweta matatu au manne ya kijivu, makubwa, kila moja mali ya yeyote anayesikia baridi. Niliyatazama kwa muda mrefu. Nilimwuliza Mado nyota ziko wapi. Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta mstari wa vidoti unaokwenda sawa, unashuka ghafla, unapanda, unakwenda sawa tena. Alisema darubini ziko mbali, kwenye milima ya nchi nyingine, na wao hapa wanapokea mwanga uliokwisha kupimwa. Hizi ni nyota mbili zinazozungukana karibu sana mpaka zinaonekana moja. Moja ikipita mbele ya mwenzake, mwanga unapungua. Nikamwuliza, "Kwa hiyo hiyo ya pili hamjawahi kuiona?" Akasema hapana, wanajua ipo kwa sababu ya mwanga unaopotea. Nikamwambia basi kazi yenu ni kushuku. Alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti nilimwona mdogo wangu yuleyule. "Ndiyo, Yaya. Ila sisi tunalazimika kuthibitisha." Nilitaka kuridhika. Lakini nilipoomba kumsalimia huyo Tomas nikaambiwa amesafiri, yuko Chile, na nilipochungulia ofisini mwake sikuona picha ya mke wala ya mtoto, ila karatasi na kikombe. Njiani kurudi Josué alisema mimi ningemshuku hata malaika Gabrieli. Nilimjibu kwamba Maria naye aliuliza maswali kwanza.

Kwetu mwanamume anayetaka kumchukua binti wa watu hajifichi Chile. Anakuja nyumbani na wazee wake, anakaa, anakula, anaulizwa, na sisi tunamtazama anavyokula na anavyoulizwa. Sikuona kwa nini chuo kikuu kisamehewe jambo ambalo hatumsamehe kijana anayetaka kuoa. Nilijiwekea uamuzi, nikamwambia Josué na Byamungu ili nisiweze kurudi nyuma: kama hatakuja kabla ya Pasaka, tutakwenda na gari kubwa, tutapakia godoro na vitabu, na Mado atarudi Fort Worth kutafuta kazi kama sisi wengine. Mado alikuwa ameniachia namba ya Tomas kwenye mlango wa friji, kwa ajili ya dharura. Nikampigia wakati wa mapumziko ya mchana, nimesimama kati ya mikokoteni ya mashuka. Kwa Kiingereza changu cha chumba cha kufulia nilimwambia kwamba mimi ni dada mkubwa wa Mado, na kwamba aje nyumbani kwangu, aje na wazee wake. Alishtuka, akauliza kama Mado ni mgonjwa. Nikamwambia Mado ni mzima, tatizo ni yeye. Kisha akaniuliza anwani.

Mado alinipigia jioni ileile, hakuanza na salamu. Alisema nimemwaibisha mbele ya idara nzima, kwamba mwezi wa tano ana mtihani mkubwa unaoamua nani anaendelea na nani anafungashiwa virago, na kwamba Tomas akichoka na familia yetu anaweza kumkabidhi kwa msimamizi mwingine au asimkabidhi kwa yeyote. "Ikiharibika ju yako," akasema, "sitakusamehe, Yaya. Niko nakuambia mapema." Nilimwambia mwanamume anayechoka kabla hajala hafai. Akakata simu. Kabla ya siku ile hakuwahi kunikatia simu, na baada ya pale hajarudia.

Walikuja Jumamosi moja ya Februari. Josué alikuwa zamuni Mesquite, kwa hiyo upande wetu alikuwa Byamungu peke yake, amevaa suti ya ubatizo. Tomas alikuwa mrefu, ameinama kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi, mvi tupu, na viatu vyake, hilo nililitazama kwanza, vilikuwa vichafu na vimechakaa upande. Alikuwa ametoka Lithuania, nchi ambayo sikuijua, na wazee wake wote walikuwa wamekufa au wako huko. Basi alikuwa amemleta Mama Charlene, aliyevaa kofia ya kanisani ya rangi ya zambarau na kubeba keki. Charlene alipoingia alitazama viti vilivyopangwa, akatazama suti ya Byamungu, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwamba ameelewa shughuli. Akamwambia Tomas mahali pa kukaa. Nilipika sombe ya majani ya mihogo, samaki, ndizi, bugali, na kuku mzima. Firigisi ya kuku, ambayo kwetu huwekwa kwenye sahani ya mgeni anayekubaliwa, niliiacha chini ya sufuria, imefunikwa na mchuzi. Nilitaka kwanza kusikia.

Shida ilikuwa lugha. Kiingereza cha Byamungu kiliishia kwenye namba za maboksi, changu nimeshakieleza, na Kiingereza cha Tomas kilikuwa kizito kiasi kwamba hata Charlene alikuwa akimwomba arudie. Ikabidi Mado, ambaye ndiye aliyekuwa anaulizwa habari zake, akae kwenye kigoda katikati na kutafsiri. Fikiria jambo hilo: msichana anayewatafsiria wanaojadili kama atachukuliwa. Nilimtazama mdomo wake mchana kutwa. Niliona kwamba Tomas akisema maneno mengi, Mado anatoa machache, na mimi nikisema makali, Mado anayapeleka kwa sauti ya maziwa. Byamungu alipomwuliza Tomas mke wake yuko wapi, Mado aliinamisha uso kabla ya kutafsiri, na jibu likarudi kwamba alikufa, ni miaka mingi sasa, na kwamba picha yake iko nyumbani kwa sababu ofisini hawezi kufanya kazi akiitazama. Byamungu alimwuliza kama anasali. Jibu likarudi refu, Mado akasema, "Anasema anajaribu." Nilimwuliza kwa nini anamwacha mtoto amwite jina tupu. Hapo Charlene alianza kucheka kabla Mado hajamaliza, akasema kitu, na Mado akatafsiri kwamba hata yeye Charlene lilimchukua muda kuzoea, ila watu wa fizikia hawana adabu kwa mtu yeyote, wasilaumiwe. Nilijaribu kumpima Mado. Niliuliza swali ambalo jibu lake nilikwisha kuliona, kama chumba chao cha kazi kina joto. Alitafsiri sawasawa. Lakini mtu anayetaka kukudanganya kwenye jambo kubwa hakudanganyi kwenye jambo dogo kama sweta.

Tulikula. Tomas alikula bugali kwa mkono, vibaya, akijichoma, na hakuacha. Byamungu, aliyekuja kuhakikisha hatudanganywi, alishiba akaegemeza kichwa ukutani na kulala. Nikabaki mimi. Nilikuwa nimeweka swali moja la mwisho, lile la mama yake Sifa, na nililiuliza polepole ili lisipunguzwe njiani. "Mwulize hivi: mkimaliza naye, mtamrudisha?" Mado alinitazama muda mrefu, kisha akamgeukia na kuuliza. Tomas alifuta mkono, akatabasamu kidogo, akazungumza kwa muda akinitazama mimi. Nilishika neno moja tu, nyumbani. Charlene akasema Amina. Kisha wote wakamtazama Mado, na Mado akatazama sahani yake.

"Amesema hapana, Yaya," akasema. "Amesema hawarudishi mtu. Kazi ikienda vizuri itanipeleka mbali kuliko Houston, kwenye nchi nyingine zenye darubini, na nitakuwa nakuja kusalimia tu. Amesema hataki kukuahidi kitu cha uongo nyumbani kwako."

Kuna watu ambao wangesimama wakamfukuza. Mimi nilisikia kitu kikilegea mgongoni mwangu ambacho kilikuwa kimekaza tangu kambini. Kila mtu niliyemwona akichukua watoto wa watu aliahidi kuwarudisha. Huyu alikuwa wa kwanza kusema hapana, tena akitabasamu kama mtu anayeona aibu kusema ukweli kwenye chakula cha wenyewe. Niliinuka, nikachovya kijiko chini ya sufuria, nikatoa firigisi, nikaiweka kwenye sahani ya Tomas. Hakujua ni nini, akashukuru, akaila. Mado alijua. Aliweka mikono usoni na kulia mpaka Byamungu akaamka akauliza nani amekufa.

Mwezi wa tano Mado alifaulu mtihani ule, na kati ya watu wawili walioanguka mmoja alikuwa amekaa ukuta wa mkabala naye, akaondoka bila kuaga. Miaka iliyofuata ilikwenda, na sitaizungumzia, isipokuwa jambo moja ambalo nilishindwa kulielewa. Kila Krismasi, muda wote wa masomo yake, Tomas alimleta Mado mwenyewe kwa gari lake kuukuu, kutoka Houston mpaka mlangoni kwangu. Alikunywa chai, akakataa kulala, akageuza gari. Nilijiuliza kwa nini mtu aliyesema waziwazi kwamba wao hawarudishi watu anaendesha njia yote ile ili kurudisha mmoja. Nilidhani dhamira inamsumbua. Mwaka mmoja nilikwenda mpaka kukagua buti la gari, kama kuna kitu anachosafirisha. Kulikuwa na tairi la akiba na mwavuli.

Houston, siku ya kumuaga, walitukusanya katika ukumbi wa chuo. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamekuja kutoka kila upande, watu wazima wenye vipara, wote wakisema Tomas, Tomas. Mezani kulikuwa na nyama ya moshi na maharage matamu ya Texas ambayo sijayazoea. Mama Charlene alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, kama kawaida yake, amezeeka sana, mkongojo mapajani. Nilikaa naye. Kiingereza changu cha sasa si kile cha mashuka. Tukakumbuka Jumamosi ile, suti ya Byamungu, bugali iliyomchoma Tomas, na yeye akacheka mpaka miwani ikamwanguka kifuani. "Na ulivyomwuliza kama atamrudisha," akasema. "Nilidhani atababaika. Lakini alikuahidi palepale. Akasema, 'Kila Krismasi nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni, na akimaliza atarudi kuishi nyumbani, Dallas haikosi vyuo, siwezi kumchukua kutoka kwenu.' Nikasema Amina. Na wewe ukasimama ukampa kile kinyama. Nikasema moyoni, mama huyu alichotaka ni ahadi tu."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na neno kwa neno likawa lilelile. Mkono kifuani, aliweka? Nilimwuliza hilo pia. Akafikiri, akasema hapana, mikono yake ilikuwa na mchuzi.

Upande wa pili wa ukumbi Mado alikuwa amesimama mbele ya picha ya Tomas, mvi zimemwingia juu ya masikio, amevaa sweta la kijivu katika joto lile. Sikumwendea. Nilingoja mpaka tulipokuwa kwenye gari, tumeuacha mji wa Huntsville nyuma, yeye anaendesha na mimi ninatazama miti. Nilimwambia Mama Charlene amenieleza alichosema Tomas. Hakuuliza alichosema lini.

"Aliahidi kukurudisha," nikasema.

"Ndiyo."

"Wewe ukaniambia hapana."

Alipita lori moja, akarudi kwenye njia yake. "Angekuahidi, ungemwamini?"

"Ningepakia godoro lako siku ileile."

"Basi," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo ya zamani, "Na mimi nilijua sitarudi, Yaya. Yeye ndiye hakujua. Nilishindwa kukuambia kwa mdomo wangu, nikatumia wake."

Mchana ule wote wa Februari nilikuwa ninamlinda mdogo wangu dhidi ya uongo wa yule mwanamume, na mwanamume alikuwa anasema ahadi aliyoishika kadiri alivyoweza, na uongo uliokuwepo ulikuwa wa Mado, na ndani ya uongo huo ndimo ulimokuwa ukweli pekee wa siku ile. Nilikuwa sahihi kuutazama mdomo wake. Sikujua tu nilikuwa natafuta nini.

Jumapili, kabla ya ndege yake, nilipika kuku. Josué alikuja na watoto wake, ambao wananisalimia kwa Kiswahili na kuomba soda kwa Kiingereza. Kwetu firigisi haiwekwi kwenye sahani ya mwanamke. Niliitoa chini ya sufuria, nikaiweka kwenye sahani ya Mado, na Josué akafungua mdomo kusema kitu, nikamtazama, akaufunga. Mado alikaa nayo muda, bila kuigusa. Kisha akaila, nami nikasimama palepale na kijiko mkononi mpaka nilipohakikisha ameimeza.